Waliokaa Upande wa Mashine

Shule yangu ya kwanza ya kufundisha ni hii niliyopo mpaka leo, mwendo mfupi wa bodaboda kutoka Ilongero. Mimi nimekulia Iramba na nyumbani tuliongea Kinyiramba. Watoto wa hapa kwao huongea Kinyaturu, na wiki zangu za kwanza walikuwa wananizunguka wakati wa mapumziko ili nijaribu kuwasalimia kwa lugha yao, wapate kucheka. Nilipewa darasa la tatu, somo la Kiswahili. Darasa lilikuwa limejaa. Niliwapanga kwa kimo kama nilivyopangwa mimi nilipokuwa mdogo, wafupi mbele na warefu nyuma, na sikulifikiria tena jambo hilo.

Kila mwisho wa mwezi watoto hufanya jaribio. Tunasahihisha, tunapiga wastani wa darasa, na mwalimu mkuu anausoma kwenye kikao cha walimu siku ya Alhamisi. Miezi ya mwanzo ya mwaka ule darasa langu lilikwenda vizuri, na nilianza kukaa vikaoni kwa raha. Baada ya likizo ya katikati ya mwaka mambo yakabadilika.

"Darasa la tatu," mwalimu mkuu alisema siku moja, akiwa ameinamia karatasi yake. "Kusoma wamepanda. Sarufi wamepanda. Imla imeanguka, na si kidogo. Wamepatwa na nini, mwalimu?"

"Sijui, mwalimu mkuu. Labda likizo imewasahaulisha."

"Imewasahaulisha imla peke yake?"

Hakuuliza kwa ukali. Ni mtu mpole, na mpaka leo hajawahi kunigombeza mbele ya watu. Lakini swali lilinikaa kifuani. Nikajibu kwa namna niliyoijua, yaani mazoezi. Nikawapa imla kila siku ya shule. Nilisimama mbele, nikasoma maneno, wakaandika, nikasahihisha, nikaandika alama. Alama zikazidi kushuka. Kilichoniumiza zaidi ni kwamba nikisema tu "toeni daftari la imla" naona mabega yanashuka, darasa zima, kama nimewaambia habari mbaya.

Darasa la kwanza lilikuwa la mwalimu mmoja mwanamke aliyebakiza muda mfupi astaafu. Ni mzaliwa wa hapa hapa, na wazazi wengi wa watoto wetu aliwafundisha yeye kusoma. Mimi nilimwita mama, naye aliniita mwanangu. Kila asubuhi nilimpa shikamoo mlangoni kwake, na saa ya chai tulikaa pamoja, yeye na chupa yake, mimi na viazi vyangu. Siku moja niliacha viazi.

"Unaumwa?" akaniuliza.

"Siumwi, mama. Imla."

"Wamekosa nini?"

"Imla, nimekuambia."

"Imla nimesikia. Nakuuliza wamekosa maneno gani."

Nilijua nani kapata saba na nani kapata mbili. Naweza kusema nilizijua alama zao kuliko majina ya baba zao. Maneno yenyewe waliyokosa niliyapitishia kalamu nyekundu, nikaendelea na daftari lililofuata.

"Watoto wakitoka, niletee hizo karatasi za jaribio," alisema, akanisogezea viazi.

Mchana, watoto walipokwisha kwenda, nilizipeleka. Darasa lake lilikuwa na picha alizochora mwenyewe ukutani, jogoo, sufuria, mchi, na madawati madogo ambayo sisi wawili tulikaa juu yake badala ya ndani yake. Akavaa miwani, akaanza kupitia karatasi moja moja bila kuangalia alama kabisa. Alama zilikuwa juu, pembeni, nimezizungushia duara. Yeye alisoma chini.

"Hapa wameandika 'polini' badala ya 'porini'. Huyu naye. Na huyu. Hili ni darasa zima, mwanangu, limetoka kwenye lugha ya nyumbani, na hata mimi likinitoka haraka linaniteleza. Utalifanyia kazi polepole. Tuliweke kando." Akageuza karatasi nyingine. Akaisogeza karibu na macho. "Uliwasomea nini hapa? Sentensi ya tatu."

"Fisi analia porini."

"Huyu kaandika 'Sisi analia polini'."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akachukua nyingine, nayo ilikuwa na sisi. Ya tatu, sisi. Tukaanza kuzitafuta. Neno sifa mtoto mmoja aliandika sisa, mwingine shisha. Fimbo iligeuka simbo. Karatasi moja, yenye mwandiko mkubwa unaoegemea kulia, iliandikwa "Bibi analia polini."

"Angalia," mama alisema, akaziweka tatu pamoja. "Fisi, sisi, bibi. Irabu zote wamezipata. Kilichopotea ni zile herufi zinazopita kama upepo, fe, se, she. Mtoto asiyejua kuandika hakosei kwa mpangilio namna hii. Hawa wanajua kuandika. Wameandika walichosikia. Ni akina nani hawa?"

Nikaanza kumtajia, kidole juu ya jina la kila karatasi, na nilipofika jina la nne nilihisi kitu. Nilikuwa nawaona. Nilikuwa nawaona wamekaa pamoja. Nikamwambia mama tuhamie darasani kwangu.

Tukaingia, nikaanza kupanga karatasi juu ya madawati, kila moja mahali anapokaa mwenyewe. Mbele kulikuwa na makosa ya kawaida ya watoto, kushoto hivyo hivyo. Zile za sisi na sisa na simbo zilikwenda kukusanyika zote upande mmoja, nyuma kulia, karibu na madirisha. Nilisimama katikati ya darasa nikiwa nimeshika karatasi ya mwisho, na sikuhitaji kuiweka ili kujua inaenda wapi.

"Kaa pale," mama alisema, akinionyesha dawati la pembeni kabisa. "Mimi nitasoma."

Nilikaa, magoti yakagonga ubao wa dawati. Yeye akaenda mbele, akachukua karatasi, akasoma. Niliona midomo yake ikicheza. Nilisikia sauti yake, lakini maneno yalinifikia yakiwa yamechakaa.

"Umesemaje, mama?"

Akasoma tena. Ndipo wote wawili tukageuza shingo dirishani.

Ng'ambo ya uzio wa shule kuna mashine ya kukamua alizeti. Watu wakishavuna, huwashwa asubuhi na kunguruma hadi jioni, na harufu ya mafuta ya moto huingia mpaka ofisini. Miezi ya mwanzo wa mwaka huwa imelala. Tulikuwa tumeizoea kiasi kwamba hakuna aliyekuwa akiisikia tena, sisi tunaosimama mbele. Kwa mtoto aliyekaa karibu na lile dirisha, mimi nilikuwa mtu anayeongea upande wa pili wa mashine.

Kesho yake nilimweleza mwalimu mkuu. Hakutaka maelezo marefu. Alikuja darasani wakati wa mapumziko, akabana miguu yake mirefu kwenye dawati lile la pembeni, akaniambia nisome. Nikasoma. Akatikisa kichwa, akatoka moja kwa moja kwenda ng'ambo ya uzio kuongea na mzee mwenye mashine. Alirudi na jibu la kueleweka: watu wanatoka mbali na magunia yao, wengine wameyabeba kwa mkokoteni wa ng'ombe, na mzee hawezi kuwakalisha tu. Lakini asubuhi hawashi kabla ya jua kupanda vizuri. Basi mwalimu mkuu akafuta ratiba ya ubaoni, akaipanga upya, na kipindi changu cha imla kikawa cha kwanza.

Mimi nami niliacha kusimama mahali pamoja. Nikisoma neno nilitembea katikati ya madawati, nikalirudia nikiwa nyuma, nikalirudia tena karibu na dirisha. Watoto wa pembe ile mwanzoni walinitazama kama mgeni aliyepotea njia.

Jaribio la mwisho wa mwezi lilipofika, wastani ulipanda, na kikaoni mwalimu mkuu aliusoma huku akinitazama juu ya karatasi. Nilifurahi, sitasema uongo. Lakini nilikuwa nimeshajifunza kutoamini wastani peke yake. Watoto walipotoka nilirudi darasani, nikapanga tena karatasi juu ya madawati. Pembe ya dirishani ilikuwa imekuwa kama pembe nyingine, isipokuwa karatasi moja. Mwandiko mkubwa, umeegemea kulia. Mwenyewe alikuwa bado anaandika maneno ya kwake.

Alikuwa binti mrefu kuliko wenzake, mchangamfu, mwenye sauti kubwa mno. Akiomba ruhusa ya kwenda nje, darasa la jirani linajua. Walimu tulimcheka tukisema ana sauti ya kuitia ng'ombe, na kila mmoja wetu alikuwa amemwambia mara nyingi apunguze maneno na jirani yake. Aliyekuwa ameandika bibi mahali pa fisi ni yeye.

Safari hii sikukimbilia mazoezi. Nilitafuta karatasi zake zote. Kusoma na kujibu maswali ya kifungu alikuwa miongoni mwa wa juu. Nikamwomba mwalimu wa hisabati alama zake, akanipa huku akiniambia mtoto huyo humshangaza. Hesabu za ubaoni anapata karibu zote, za kichwa, zile za kusomewa, anakosa karibu zote.

"Nilidhani hapendi kuwaza," alisema.

Nikampelekea mama habari hizo saa ya chai. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Anachokiona anakipata," alisema.

"Na anachosikia?"

"Tukamwangalie. Lakini si peke yake, atajiona ana kosa. Tuwachezeshe wote."

Tuliwatoa nje, upande wa shule usio na mashine, asubuhi kabla vumbi halijaanza kuruka. Tukawapanga mstari, wamenipa mgongo. Nikawaeleza mchezo: nitataja vitu, nikitaja mnyama mnanyoosha mkono, nikitaja kitu kingine mnatulia. Mama alisimama mbele yao awaone nyuso. Nikaanza. Kikombe. Mbuzi. Mikono ikapanda kwa kelele za furaha. Jembe. Punda. Ikapanda tena.

Mikono yote ilipanda, na wake pia. Niliyekuwa nyuma yao ndiye niliyeona. Wenzake walipanda pamoja, kama ndege wanaoruka, na yeye alipanda nyuma yao kidogo, baada ya kugeuza kichwa na kutupa jicho kulia na kushoto. Nikataja kuku, nikataja fisi, nikataja ng'ombe. Kila mara jicho kwanza, mkono baadaye. Na kila alipopatia alimgeukia jirani yake akitabasamu, tabasamu la mtu aliyewahi.

Nilishindwa kuendelea. Nikawaambia sasa kimbieni hadi kwenye uzio na kurudi. Mama akanijia, akanishika mkono.

"Umeona?"

"Nimeona, mama."

"Miaka yote hii anajifunza kwa kuwatazama wenzake," alisema. "Na bado kafika darasa la tatu. Ana akili sana mtoto huyu."

Jumamosi nilikwenda kwao. Mama mzazi alikuwa uani akipura alizeti kwa fimbo, mbegu zimemrukia hadi kwenye nywele. Bibi yake alikuwa kwenye kigoda, na ungo wa uwele mapajani. Nilimsalimia bibi kwanza.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba," alijibu, kisha akaendelea kwa Kinyaturu maneno ambayo sikuyapata yote.

Mama mtu aliniletea kiti, lakini uso wake ulikuwa umekunjika. Mwalimu kuja nyumbani mara nyingi si heri. "Amefanya nini tena, mwalimu?"

"Hajafanya kosa lolote. Nimekuja kukuuliza habari za masikio yake."

Akaweka fimbo chini. Akaniambia binti alipokuwa mdogo alitokwa usaha sikioni, wakamtibu, ukakauka. Ukarudi, ukakauka tena. Baadaye ulikuwa ukija na kwenda, na mtoto mwenyewe halii, basi wakazoea. Nikamweleza kuhusu imla, hesabu za kichwa, na mchezo wa wanyama. Alikuwa akinisikiliza huku akizitoa mbegu kwenye nywele moja moja.

"Nikimwita akiwa kule kisimani haitiki," alisema polepole. "Namwita, namwita. Akija namgombeza. Naona ana kiburi, ananidharau." Akatazama njia ya kisimani kama anamwona. "Kumbe hanisikii."

Bibi akauliza kuna nini, na mama mtu akamfasiria yote, pamoja na ile sentensi ya bibi analia porini, maana nilikuwa nimeitaja. Bibi akasimamisha ungo, akasema jambo kwa sauti ya kuchukia sana. Mama mtu akaziba mdomo kwa upande wa khanga, na machozi yaliyokuwa yanamjia yakachanganyika na kicheko.

"Anasema nikwambie yeye halii. Na porini hajaenda tangu mwaka juzi."

Mwalimu mkuu alinipa ruhusa, na siku ya katikati ya wiki nikaongozana nao kwenda hospitali mjini Singida. Binti alivaa sare ya shule iliyopigwa pasi, ingawa hakuna aliyemwambia. Daktari wa masikio alikuwa kijana, mtulivu. Alivuta kiti akakaa usawa wa uso wa mtoto, akamwonyesha kitochi chake cha kuangalia masikioni, akamwacha akishike kwanza. Kisha akamwangalia sikio moja, na jingine.

"La kushoto ngoma yake imetoboka, ni jambo la siku nyingi," alimwambia mama mtu. "Tutakausha huo usaha, na atarudi tumwone. Lakini usikivu wa upande huo utabaki mdogo. Hili la kulia lilikuwa limeziba, nimelisafisha, na linafanya kazi. Mumsemeshe upande huu. Na akioga, maji yasiingie kushoto."

Tulipotokea kwenye korido, iliyojaa watu waliokaa wakisubiri zamu zao, binti alimgeukia mama yake na kuuliza kwa sauti ile ile tunayoijua:

"Mama, amesema nitapona?"

Korido nzima ikatutazama. Nilidhani mama yake atamwambia anyamaze, kama tulivyozoea wote. Akainama, akamsogelea sikio la kulia, akamjibu kwa sauti ya chini sana. Sikusikia alichosema. Mtoto alisikia. Akaitikia kwa kichwa, akauliza jambo jingine, na safari hii kwa sauti ndogo, na mama yake akainama tena. Waliendelea hivyo mpaka getini, na mimi nikabaki nyuma makusudi, nikijifanya natafuta kitu kwenye mkoba.

Darasani nilimhamishia mbele, kando ya ukuta wa kushoto, ili sikio lake la kulia lielekee kwangu. Watoto wafupi aliowaziba walilalamika, tukawapanga upya mpaka kila mtu akaona ubao. Kilichokuwa kigumu ni kujibadilisha mimi. Nilikuwa na mazoea ya kuandika ubaoni huku nikiongea, mgongo kwa darasa. Ilinibidi nijifunze kuandika, ninyamaze, nigeuke, ndipo niseme. Ni jambo dogo, na lilinichukua muhula mzima. Nikisahau, binti alikuwa anainua mkono na kusubiri. Siku moja mtoto mwingine, wa nyuma kabisa, aliniambia, "Mwalimu, siku hizi unatuangalia sana." Nikamuuliza kama ni vibaya. Akasema hapana, ni vizuri.

Alama zake za imla hazikuruka hadi juu kama hadithi zinavyotaka. Zilipanda kidogo, zikasimama, zikapanda tena. Usaha ulirudi mara moja mvua zilipoanza, akakosa shule, mama yake akampeleka hospitali mwenyewe bila kunisubiri. Lakini yale makosa ya ajabu yalipungua, na alipokosea alikosea kama wenzake, ikawa naweza kumfundisha. Kile cha kumtazama jirani kwanza hakikuisha haraka. Mama wa darasa la kwanza aliniambia nisikiharakishe, kimemsaidia muda mrefu, atakiacha akiona hakihitaji.

Namna yangu ya kusahihisha haikurudi kama ilivyokuwa. Alama bado naandika, zinatakiwa ofisini. Pembeni naandika neno lenyewe alilokosa mtoto, jinsi alivyoliandika, na mwisho wa mwezi nazipanga karatasi juu ya madawati, mtu na mahali pake, natembea katikati nikizitazama. Mara nyingi hakuna kikubwa. Mara nyingine naona kwamba nusu ya darasa wamelielewa vibaya jambo moja, na nikifikiri nakumbuka kabisa siku niliyolieleza haraka haraka kwa sababu kengele ilikuwa inakaribia. Basi Jumatatu nalirudia. Kwenye kikao cha Alhamisi, mwalimu mkuu akishasoma wastani, sasa huuliza, "Haya, wamekosa nini?" na walimu wawili watatu huwa wamekuja na karatasi zao.

Mama alistaafu mwisho wa mwaka ule. Tulimfanyia sherehe ndogo ya pilau na soda, na darasa lake la kwanza likamwimbia. Binti wa sikio akapanda darasa la nne, kwa mwalimu mpya, kijana aliyetoka kuhamia kutoka Itigi. Nilikuwa nimepanga kumweleza habari zake siku ile ile ya kufungua shule, lakini asubuhi ilikuwa na wazazi wengi na uandikishaji, nikachelewa.

Nilikuwa darasani kwangu, nikipanga watoto wapya, nilipomsikia kupitia ukutani. Mwalimu mpya alikuwa anawapanga kwa kimo, kama nilivyofanya mimi.

"Wewe mrefu, nenda nyuma."

"Samahani, mwalimu," sauti ya binti ikajibu, na nadhani hata watu wa mashine waliisikia. "Mimi nakaa huku mbele, karibu na ukuta. Sikio langu zuri ni hili."

Kisha nikasikia dawati likiburutwa.

Saa ya chai yule mwalimu kijana alikuja mlangoni kwangu, akanisalimia, akasimama bila kuingia.

"Kuna wengine ninaopaswa kuwajua?" aliuliza.

Nikamwambia aingie. Nikamsogezea kiti, na chai, na nikaanza kumtolea karatasi zao.